Bwana Shauri na Tupa Tatu

Elburgon, Jumatano, 1956. Ukungu tangu asubuhi, baridi ya kuuma masikio.

Daftari, leo usinicheke. Kucheka ni kazi yangu.

Ndege wangu amekwenda.

Nimeandika haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Sasa nieleze vizuri, kwa mwandiko wangu wa darasa la pili, maana mwalimu wa misheni alinifukuza kabla hatujafika darasa la tatu, na wote wawili tulifurahi.

Ni chiriku. Wiki tatu zilizopita wakata miti waliangusha mti wa mtarakwa, kiota kikaanguka pamoja na matawi. Makinda matatu: mawili yamekufa, moja linanifungulia mdomo mkubwa kuliko kichwa chake. Halina manyoya, halina haya. Nikalitia ndani ya kofia, nikaenda nalo nyumbani. Nikampa jina Bwana Shauri, kama yule mkuu wa wilaya, kwa sababu hana kazi yoyote, lakini akifungua mdomo tu watu wanakimbia.

Mke wangu, Mama Esta, alishika kiuno. "Mzee, nimekuzalia watoto sita, hata mmoja hujawahi kumlisha. Leo umeanza na ndege?"

Nikamwambia hao sita hawakuwa na sauti nzuri.

Nilitafuna wimbi mpaka likawa laini, naye akachukua kwenye midomo yangu. Siku ya kwanza alionja, akatikisa kichwa, akatema. Ni ugoro. Miaka thelathini ugoro umekaa chini ya mdomo wangu. Mama Esta ameniomba niache, mhubiri ameniomba, nimewashinda wote. Bwana Shauri alitema mara mbili tu, nikapandisha mkebe juu ya kabati.

Kazi yangu ni kunoa misumeno ya kiwanda cha mbao, na jioni nanoa ya watu nyumbani. Basi nikawa napiga tupa meno matano ya msumeno, natafuna, namlisha. Meno matano mengine, namlisha tena. Haikupita muda, akawa akisikia tupa inakwaruza chuma anakuja mbio, hata kama yuko juu ya dari, anatua begani. Hapa Elburgon hakuna mtu amefundisha ndege kama mimi. Sijivuni. Ni ukweli tu.

Leo nikambeba kazini ndani ya kofia, wenzangu wamwone. Wanoaji tuko watatu: mimi, Wafula na Kiprotich.

"Ukimwachilia huyo, mzee, ni kwaheri," Kiprotich akasema.

"Nyamaza uone mwalimu."

Nikamrusha. Akapanda juu ya mabati. Nikapiga tupa, naye akashuka moja kwa moja, mimi tayari nimeanza kucheka. Hapo nyapara akatokea. Wafula na Kiprotich wakainamia kazi upesi, maana Jumatano ni siku ya misumeno mikubwa.

Tupa tatu zikalia pamoja.

Bwana Shauri akageuka hewani. Akamwendea Wafula, akaona bega si lake. Akamwendea Kiprotich. Akarudi kwangu, akakaribia mpaka nikaona macho yake, akageuka tena.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Acheni kunoa!"

Wakacheka. Na walikuwa na haki. Mwezi uliopita ni mimi niliyepiga kelele "Nyuki!" wakati wa uji, wote wakakimbia mpaka mtoni, nikabaki nakunywa vikombe vyao.

"Leo hatukimbii, mzee," Wafula akasema, akaikaza tupa yake.

Walipouangalia uso wangu vizuri wakaacha. Lakini Bwana Shauri alikuwa ameshapita juu ya magogo, ameingia msituni, ndani ya ukungu. Nikapiga tupa peke yangu. Hata nyapara alisimama akitazama juu. Ukungu haukurudisha kitu.

Hajafa. Hilo nalijua. Mabawa yale nimeyalisha mwenyewe, na tangu Jumapili anajiokotea mbegu za nyasi bila kunisubiri. Atapata chakula kingi kuliko mimi.

Lakini sikumfundisha kuogopa mtu.

Hapo ndipo moyo unaniuma. Atatua kwenye bega lolote.

Jioni nimekaa mlangoni, nimenoa panga. Nikanoa jembe. Nikanoa kisu cha mboga. Jirani akasikia, akaleta panga lake, akidhani leo nanoa bure. Nikalinoa pia.

"Mzee," Mama Esta akasema, "hicho kisu kimebaki kama sindano."

Hakuninyang'anya. Akaweka punje za wimbi kwenye kifuniko cha sufuria, akakisogeza karibu na mguu wangu, akaingia jikoni. Anafikiri sikuona.

Baadaye akatoka tena na mkebe wa ugoro. Yeye! Mwanamke aliyeniombea kanisani! Akauweka kwenye goti langu.

Nikaufungua. Nikaunusa kwa mbali. Nikaufunga.

Kesho nitaamka mapema, nipande mpaka ukingo wa msitu na tupa yangu na kipande cha msumeno, kabla wale wawili hawajaanza kelele zao. Akija, akute mdomo msafi.