Zawadi Ametuchagulia Mlima

Jumamosi, katikati ya Januari. Baridi kavu, hakuna upepo, na jua limekaa nasi mpaka saa nane na kitu, jambo ambalo huku Rågsved, pembeni mwa Stockholm, mwezi huu ni la kushukuru. Miguu inaniuma. Moyo umejaa mpaka sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye likizo.

Mwishoni mwa Februari shule za Stockholm hufungwa wiki moja. Wanaiita sportlov, likizo ya michezo, na ukiangalia vizuri utadhani nusu ya jiji imehamia milimani kuteleza kwenye theluji. Sisi hatujawahi kwenda. Mwaka huu mimi na Baba Zawadi tumepata ruhusa kazini wiki moja, tukasema basi, na sisi twende. Kazi ya kuchagua mlima nikajipa mwenyewe.

Nilichagua haraka. Mahali padogo na patulivu, nyumba ya mbao yenye sauna, vilima ambako hata mtoto wa miaka mitatu hawezi kuumia. Juzi nikamsomea Zawadi maelezo yote tukiwa jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyofanya akiudhika, kwamba hapo ni pa kupeleka wazee.

Zawadi ni binti yetu, ana miaka kumi na sita. Haoni. Tangu akiwa mdogo anatofautisha mwanga na giza, basi.

Kwa misimu miwili sasa, kila Jumamosi amekuwa akienda kujifunza kuteleza kwa skii kwenye kilima kimoja kusini mwa jiji, pamoja na vijana wengine wasioona. Baba yake ndiye humpeleka. Mimi huwa na zamu hospitalini Flemingsberg, na nisipokuwa na zamu nina nguo za kufua. Nguo zenyewe zingeweza kusubiri. Nilikuwa naogopa kutazama.

Leo asubuhi alinisimamisha mlangoni, viatu vyake vya skii mkononi.

"Mama, kabla hujalipia ule mlima wako, njoo unione."

Nikaenda.

Mwalimu wake anaitwa Karin, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza. Wote wawili walivaa vizibao vya rangi ya machungwa, na mgongoni mwa Zawadi pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba haoni, ili watu wampishe. Walipanda kwa ile lifti ya kamba inayovuta watu mpaka juu. Mimi na Baba Zawadi tukabaki chini, nikiwa nimeshika kikombe cha kahawa ambayo sikuinywa.

Wakaanza kushuka. Zawadi mbele, Karin nyuma yake akimwelekeza kwa sauti: kulia, kushoto, kulia, shikilia hapo. Na mtoto wangu anageuka kila anapoambiwa, magoti yamekunjika, theluji inaruka pembeni. Nilimjua kwa kizibao tu. Mwendo ule sikuujua. Nyumbani hutembea akigusa ukuta kwa vidole. Pale hakukuwa na ukuta wala kitu cha kugusa, na alikuwa anakwenda.

Katikati ya mteremko akaanguka.

Nilishaanza kukimbia kupanda kilima na buti zangu za mjini wakati Baba Zawadi aliponishika mkono wa koti. "Mwache," akasema. "Anajua kuinuka." Akainuka kweli. Akajipangusa, akamwambia Karin kitu, wakaendelea, na naapa safari hii alikuwa na kasi zaidi.

Alisimama hatua chache kutoka tulipokuwa.

"Mama yuko?"

"Nipo."

"Umeona nilivyoanguka?"

"Nimeona."

"Vizuri. Sasa umeona yote."

Nilimkumbatia na helmeti yake ikanigonga kidevu, na hata sasa ninavyoandika pamevimba.

Baadaye nilimvuta Karin kando nikamuuliza ni mlima upi unaomfaa. Akaniangalia kama vile nimeuliza swali la ajabu. "Muulize yeye," akasema. Nilitembea mpaka kituo cha treni nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu kweli, nilikuwa sijamuuliza.

Tuliporudi nyumbani Zawadi aliweka simu kwenye meza ya jikoni, ikiwa kwenye spika, akaanza mwenyewe kupigia vituo vya skii. Mimi nilikuwa namenya viazi na nimeapa kutofungua mdomo. Aliuliza mambo ambayo yasingenijia kamwe. Miteremko ina upana gani? Lifti ya viti inaweza kupunguzwa mwendo mtu akipanda? Kuna mtu wa kumwongoza anayeijua kazi hiyo, au ni mtu atakayeanza kujifunzia kwake?

Mahali pa kwanza walikuwa wamejaa. Pa pili, bwana mmoja mpole sana alimsikiliza, kisha akaomba kuongea na mama yake. Mkono wangu ulishafika kwenye simu. Zawadi akausikia ukija, akausukuma taratibu.

"Mama yangu yupo," akamwambia, "lakini yeye hajui skii. Anayekuja kuteleza ni mimi."

Kisha akamshukuru, akakata.

Pa tatu alipokea msichana ambaye swali lake la kwanza lilikuwa: unapenda uongozwe kutoka mbele au kutoka nyuma? Nikaona uso wa binti yangu ukifunguka. Waliongea kwa muda mrefu, Kiswidi cha haraka chenye kicheko ndani yake. Miteremko hupangwa kwa rangi, ya kijani ni ya wanaoanza, ya bluu inafuata, nyekundu ni mikali. Nilimsikia Zawadi akiulizia nyekundu. Nikakishika kiazi kwa nguvu, nikanyamaza. Sidhani kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko kunyamaza kule.

"Ni huu," akasema alipokata simu. Mlima mkubwa, kaskazini kabisa, safari ya usiku kucha kwa treni.

Baba yake akauliza, "Na mimi na mama yako tutafanya nini huko?"

"Kuna darasa la wanaoanza. Nimewaandikisha."

Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiniambia pole. Kanisani, kwenye sherehe, hata dukani. Wanasema kwa upendo, nami huitikia asante. Leo ningependa wale wote wawe wamesimama pale chini ya kilima na mimi. Ningewanyooshea kidole kizibao kile cha rangi ya machungwa na kusema, yule wangu.

Jioni nimempigia mama yangu kule Nakuru. Nimemsimulia yote, hata kuanguka. Alikuwa na swali moja tu.

"Na huo mlima, nani amechagua?"

"Yeye mwenyewe, mama."

"Basi mfuateni," akasema. "Na mvae nguo nzito."

Tutamfuata. Mimi nitakuwa mwisho kabisa, kwenye mteremko wa kijani, nikipitwa na watoto wa chekechea. Lakini tutamfuata.