Shangazi anasema niliyempiga picha si yeye

Mpendwa Bi Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na tafadhali usiandike jina langu maana hapa Gede tunajuana. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nina haya sana, hata darasani nikiulizwa swali jibu nalijua lakini haliondoki mdomoni, ndiyo maana nilipojiunga na kikundi cha vijana wanaopiga picha za mila zetu nilifurahi, kwa sababu ukishika kamera watu hawakuulizi kitu, wanakupisha usogee. Tumepiga wagema wakiwa juu ya minazi, tumepiga ngoma ya mwanzele, tumepiga wasuka makuti, na zote zilikuwa picha tu, hakuna aliyelalamika.

Shangazi Kadii, dadake baba, ndiye anayenilea tangu mama aende Marereni kwenye kazi ya chumvi. Shangazi ana pepo. Tangu zamani mwili ukimlemea huitwa mganga, wanawake wanaketi mstari wakitikisa kayamba, pepo anapanda, anaomba marashi na kahawa chungu, anasema anayotaka kusema, anatoka, na Shangazi anaamka mzima anauliza kama kuna chai. Mwezi wa Agosti alipangiwa kayamba mchana, nikamwomba nije na kamera, akacheka, "Piga mwanangu, lakini nisionekane nimenuna, watu watasema silishwi."

Nikapiga. Nilikaa nyuma yake mwanzo mpaka mwisho, Bi Mshauri, kwa ile haya yangu sikuthubutu kwenda mbele alipokuwa mganga, nakumbuka vizuri nikitazama kisogo chake na fundo la leso. Tulipofungua picha kwenye kompyuta ya kikundi, katika kila picha uso umenigeukia mimi. Umetulia, unanitazama kama mtu anayesubiri nimalize. Nikamuuliza rafiki yangu Trizah aliyekuwa ameketi kando, akasema, "Wee, shangazi yako hakugeuka hata mara moja, alikuwa anamkodolea macho mganga." Nikamwonyesha Sanga, kitinda mimba wa Shangazi, bado yuko chekechea, akaitazama leso, akautazama uso, akasema, "Leso ya mama. Mama mwenyewe hayuko."

Tangu hapo Shangazi hajapona. Kichwa kinamuuma, ulimi umekuwa mzito, juzi wakampigia kayamba tena, wakatikisa mpaka wakachoka, pepo asipande. Mganga akauliza, "Nani alitoka na kitu hapa?" na wote wakanitazama. Shangazi hakunigombeza. Aliniita jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kigiriama, kama vile tunamzungumzia mgeni aliyelala chumba cha pili, "Umempa hata marashi?" Nikamuuliza nani. "Huyo uliye naye." Nikasema lakini Shangazi, si uliniruhusu mwenyewe? Akasema, "Mimi nilitoa ruhusa yangu. Uliyempiga picha si mimi, na yeye hukumuuliza."

Sasa shida ni kwamba Bwana Nahashon, kiongozi wetu, ameichagua picha moja kati ya hizo iwe bango kubwa la maonyesho kule Malindi Jumamosi ijayo, na alinisifu mbele ya kikundi kizima, mimi sijawahi kusifiwa mbele za watu. Nilipomwambia kwamba Shangazi hataki, akajibu, "Si ulisema alikubali? Una kipaji, acha woga." Maelezo ya chini ya picha nimeyaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ya Kiingereza niliyaandika haraka bila kuogopa, lakini kwa Kigiriama sithubutu kuyasema hata kichwani. Nilitaka kuzifuta zote, Shangazi akanishika mkono, "Ukimfuta atarudi kupitia wapi?" Kwa hiyo sifuti, simwonyeshi mtu ila wewe, nakala moja nimeitia ndani ya barua hii, kadi ya kamera nimeifunga kwenye kitambaa nikaiweka chini ya mto, na nikilala nahisi natazamwa kisogoni. Nifanye nini?

Msichana wa Gede

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza itoe kadi hiyo chini ya mto.

Pole kwa hofu, lakini sitakubembeleza tu. Unaona haya kumtazama mtu usoni ukamwambia neno, ila hukuona haya kumtazama kisogoni mchana kutwa akiwa hana habari. Haya ya namna hiyo si adabu, ni kujificha.

Unataka nikuambie kama kuna pepo ndani ya picha. Sijui. Mamangu alikuwa na wake, mimi nimesoma, na bado sijui. Ninachojua ni kwamba shangazi yako amesema jambo ambalo huyo Bwana Nahashon alipaswa kulijua kabla hajawapa watoto kamera. Aliyekubali akiwa na akili zake hakumkubalia anayekuja baadaye. Uamini pepo au usiamini, mtu aliyepandwa hawezi kukuambia "basi, inatosha." Ruhusa huna.

Na hiyo nakala uliyoitia ndani ya barua hatuichapishi. Nimeitazama mara moja, nikaifunika. Everlyne, tunayekaa naye chumba kimoja hapa ofisini, ameniomba nisiilaze humu. Ipo kwenye bahasha, njoo uichukue wewe mwenyewe, usitume mtu.

Leo hii, kabla ya mengine yote, shangazi yako apelekwe hospitali apimwe presha. Kichwa kuuma na ulimi kuwa mzito si mambo ya kungojea kayamba. Pepo hamwonei daktari wivu.

Kisha nenda kwa Nahashon kabla bango halijachapishwa. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako: picha hii haitoki. Akianza tena habari za kipaji, mwambie kipaji kitakuwepo hata Jumatatu, na umpe picha ya mgema. Nakala za kwenye kompyuta ziondolewe mbele ya macho yako, ibaki kadi peke yake, na kadi umkabidhi shangazi yako. Aiweke anapotaka yeye, si unapotaka wewe.

Akipata nafuu apigiwe kayamba tena, na wewe uende mikono mitupu. Usikae nyuma. Keti mstarini, mbele yake, upokee kayamba utikise mpaka viganja viwake moto. Pepo akipanda, msalimie kwa Kigiriama, mmiminie marashi, mwombe radhi, ndipo umuulize. Akikubali, utapiga nyingine siku nyingine. Akikataa, usibishane. Akitoka, mwili huanguka ghafla, hauonyi mtu. Uwe karibu, umdake.