Kwepa, Zuhura!

Jumamosi, usiku

Sauti imenikauka, na msimu wa besiboli ndiyo kwanza umeanza leo. Wiki nzima nilikuwa nachungulia mawingu ya huku Randburg, Afrika Kusini, kama mtu mwenye harusi.

Binti yangu Zuhura aliposhika rungu, mpira ukamjia mwilini moja kwa moja. Nikaruka kutoka mkekani: "Kwepa, Zuhura! Kwepa!" Hakukwepa. Ukampiga pajani, pu!

Mimi nimekulia Tanga nikicheza rede. Kule mpira ukikugusa tu, umetoka. Basi nikaanza kukusanya mkeka na chupa ya chai.

Kumbe wenzake wanashangilia! Huku ukigongwa na mpira unakwenda kituo cha kwanza bila jasho. Mchezo gani huu, unazawadiwa kwa kuumia?

Jioni nimemkanda paja kwa maji ya moto. Limevimba. Naogopa, sifichi, msimu ni mrefu, na mtoto hajui kukwepa. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Eish, mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi najua kukwepa. Lakini wewe uliniita, mimi nikakuangalia wewe."

Jumamosi ijayo nakaa mbele kabisa. Mdomo nitaufunga kwa mtandio.