Nimonia Inayokuja Kila Mwezi

Mshauri Kagure,

Nimeanza barua kumi na moja wiki hii na hii ndiyo ya kwanza ninayoelekea kuimaliza, labda kwa sababu hunijui na hatutakutana sokoni. Nina miaka thelathini, nina shahada mbili, kazi yangu ni kupima mvua na kuweka takwimu zake katika ofisi moja hapa Nyeri, na kwa miezi mingi nimewadanganya watu wazima wenye akili kwamba mtoto wangu ana ugonjwa wa mapafu. Naomba ubadilishe majina.

Binti yangu Ngendo ana miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Saba, na anaogelea kana kwamba maji yalimkosea. Nilimzaa kabla sijaingia chuo kikuu, na kwa kuwa babake hakuja kudai jina la upande wake, nilimpa jina la mama yangu, na tangu siku hiyo namwita mami, kama tunavyofanya sisi kwa mtoto aliyebeba jina la mama wa mtu, na wewe kama ni wa huku unajua kwamba jambo hilo si mchezo, kwa sababu nikimkemea Ngendo nasikia kama ninamkemea mama yangu, na mama yangu, ambaye yuko Kangari na bado anachuma chai yake mwenyewe, hajawahi kutamka neno hedhi mbele yangu. Siku yangu ya kwanza alinirushia kitambaa kupitia dirishani, akasema nisiguse maji baridi kwa sababu damu itaganda tumboni, akaenda zake shambani. Kwa hiyo Ngendo aliponiita kutoka bafuni likizo ya Agosti mwaka jana, akasema, "Mum, imekuja," mimi na shahada zangu mbili nilimpitishia pakiti ya pedi mlangoni, nikamwambia maagizo yameandikwa nyuma, nikaenda kazini kupima mvua. Haikuwa imenyesha.

Maagizo ya nyuma ya pakiti hayakusema lolote kuhusu bwawa la kuogelea. Wiki ya tatu ya muhula Ngendo aliingia majini akiwa amevaa pedi, pedi ikanywa maji ikavimba kama andazi lililosahaulika ndani ya chai, na akatembea kutoka bwawani hadi chumba cha kubadilishia nguo akiwa amebana magoti, wavulana wakimwuliza punda aliyempanda amemwacha wapi. Alipofika nyumbani hakulia. Aliniangalia tu, na heri angelia.

Nikaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena, na badala ya kuzungumza naye nikafanya kitu ninachokijua, yaani nikatengeneza jedwali. Nililificha kwenye kompyuta ya ofisi katikati ya vituo vya mvua, nikaliita Ruring'u B, siku nyepesi nikiandika manyunyu na siku nzito nikiandika mvua kubwa, na kutokana na jedwali hilo nilikuwa napiga hesabu ya mwezi unaofuata, kisha siku moja kabla namwandikia Mwalimu Mutahi, mwalimu wao wa michezo, kwamba Ngendo hajisikii vizuri. Mwezi wa kwanza nilisema mafua. Wa pili nikasema kifua. Lakini mtu hawezi kuwa na mafua yaleyale kila mwezi, kwa hiyo nikapanda cheo hadi nimonia, na hapa Nyeri ukitaja nimonia hakuna anayekuuliza swali, watu wanavua kofia.

Mwezi wa pili mwaka huu kulikuwa na mchujo wa timu ya kaunti. Jedwali lilisema mvua kubwa, nikamfungia nyumbani na masweta mawili, na siku hiyo mtoto akawa mkavu kama nyika ya Kieni. Alikosa mchujo bure. Mwalimu Mutahi alimhurumia akampa nafasi ya pili, akawashinda wote, na hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika kabisa, kwa sababu mwalimu huyo ni mtu mwema na alipeleka kanisani ombi la kumwombea mgonjwa.

Jumamosi ya wiki hiyo saa nne asubuhi wakaja kina mama watano, wakiongozwa na Mama Griffins, na flaski ya uji na sufuria ya supu ya miguu ya mbuzi. Ngendo alikuwa nje akiruka kamba. Nilimvuta kupitia mlango wa nyuma, nikamtupa kitandani, nikamfunika blanketi akiwa bado na viatu vya michezo. Wakaingia, wakamzunguka, Mama Griffins akaweka mkono kifuani pa mtoto aliyekuwa anahema kwa sababu ya kamba, akasema, "Sikieni vile anapumua, maskini," na maombi yakaanza, nimonia ikaamrishwa itoke, irudi huko ilikotoka, na katikati ya amina ya tatu Ngendo akafungua macho akasema:

"Mama Griffins, mnaombea mahali pabaya. Mapafu iko sawa. Mimi niko na hedhi tu."

Mama Griffins aliondoa mkono wake polepole, akanigeukia.

"Mama Ngendo. Ati nini?"

Nilivuta blanketi nikafunika viatu vya Ngendo vizuri zaidi.

"Mimi nimefunga siku tatu," akasema. "Siku tatu! Hata chai sijaonja. Kwa sababu ya *hedhi*?"

Mmoja wao alianza kucheka ndani ya leso, mwingine akamfuata, wakatoka wakishikana mabega. Supu walirudi nayo. Flaski waliisahau, na mpaka leo iko jikoni kwangu, na nikiiona naficha uso.

Walipoondoka nilimwuliza Ngendo kwa nini hakuniambia kwamba anataka kuogelea siku hizo, na kwamba kuna njia. Akasema, "Mum, wewe ukisikia hilo neno unaenda kupima mvua. Nilimwuliza mamake Hamdi." Hamdi ni mwenzake kwenye timu, yule anayeogelea amefunikwa shingo hadi kifundo cha mguu, na mamake, Khadijo, anauza nguo karibu na soko, na inaonekana alimkalisha binti yangu nyuma ya kaunta akamweleza kila kitu akiwa anakunja suruali. Sijawahi kuumia hivyo. Tena nilikuwa na haki gani ya kuumia?

Sasa Mwalimu Mutahi amesema hawezi kumtia majini mtoto mwenye nimonia ya kila mwezi. Anataka barua yangu kufikia Ijumaa, inayoeleza ukweli wa afya ya Ngendo, la sivyo nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo, Nanyuki. Jedwali linasema mvua kubwa. Ngendo hajaniomba chochote. Amekunja vazi lake la kuogelea akaliweka kitini karibu na mlango, na kila nikipita naliona. Nimwandikieje mwanamume jambo kama hili? Na nimvishe nini? Na je, ikiwa maji ya Nanyuki ni baridi kweli, na mama yangu alikuwa sahihi?

Mama Ngendo,
Ruring'u

*

Mama Ngendo,

Majina nimeyabadilisha, ingawa sijui kama yatakusaidia. Mjini Nyeri ni mtoto mmoja tu aliyeombewa nimonia akiwa na viatu vya michezo.

Nimecheka, nisikufiche. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya Mama Griffins. Lakini mtoto aliyetembea kutoka bwawani amebana magoti hakunichekesha, na hapo ndipo nitaanza, kwa sababu siku ile alihitaji sentensi moja kutoka kwako na wewe ukampa jedwali.

Hebu tuliondoe hilo jedwali kwanza. Nyinyi watu wa mvua hamjaweza kutuambia kama kesho tuanike mahindi, sasa mnatabiri watoto? Msichana katika mwaka wa kwanza au wa pili wa hedhi hana ratiba. Inaweza kuja baada ya wiki tatu, au sita, au ikaruka mwezi mzima, na hiyo ni kawaida. Tarehe zake aziandike mwenyewe, kwenye daftari lake mwenyewe, akitaka. Wewe futa Ruring'u B leo, kabla mkubwa wako hajaipeleka Nairobi pamoja na ripoti ya mwaka.

La maji baridi: damu haigandi tumboni. Maji ya Nanyuki yatamfanya atetemeke meno, basi. Mama yako alikupa alichopewa yeye, na alikupa kupitia dirishani kwa sababu naye alipewa hivyohivyo. Wewe ulipitisha pakiti mlangoni. Familia yenu inaendelea, polepole, kutoka dirishani hadi mlangoni. Sasa ingia chumbani.

Pedi haiingii bwawani, hilo tayari mmejifunza kwa gharama ya mtoto. Ikiwa unataka njia rahisi kwa wiki hii, kuna mavazi ya kuogelea ya hedhi, yenye kitambaa cha ndani kinachonyonya. Avae la rangi nyeusi lililomkaa vizuri, si kubwa la kukulia. Siku nzito sana vazi hilo peke yake huenda lisitoshe. Kuna tamponi, ambayo huvaliwa ndani, ndogo kuliko zote, na msichana wa miaka kumi na miwili anaweza kuitumia ikiwa yeye mwenyewe anataka, na ajaribu nyumbani mapema, bila haraka, si dakika kumi kabla ya filimbi. Abadilishe kila baada ya saa chache, asilale nayo usiku kucha, na anawe mikono kabla na baada. Na kabla hujaniandikia tena: hapana, haiondoi ubikira. Ubikira hauhifadhiwi hapo. Asipotaka tamponi, usimlazimishe. Muulize Hamdi mavazi yake marefu meusi yanapatikana wapi, yavaliwe juu ya lile la hedhi, na hata tone likitoka hakuna jicho litakaloliona. Mwulize kwanza Mwalimu Mutahi kama sheria za mashindano zinaruhusu, na yeye ataruhusiwa kukushangaa kwamba umeuliza swali la maana.

Mkiwa nchi kavu, siku za mbio na mpira wa wavu, pedi inatosha, na kaptura nyeusi ya kubana ndani ya ile ya shule, na begi dogo lenye pedi za akiba, chupi safi na taulo nyeusi. Begi hilo alipange yeye. Tumbo likimsumbua, chupa ya maji moto na dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake, baada ya kula. Na akiona analowesha pedi nzima kila saa, au hedhi ikipita wiki moja, au maumivu yakimlaza chini, hapo mpeleke kwa daktari. Kwa daktari, si kwa Mama Griffins.

Sasa barua ya mwalimu. Unaniuliza utamwandikiaje mwanamume jambo kama hili. Mama Ngendo, huyu mtu anafundisha wasichana michezo. Unadhani anafikiri nusu ya timu yake huumwa kifua kwa zamu? Chukua karatasi. Andika hivi, usiongeze neno:

"Mwalimu Mutahi, Ngendo hajawahi kuugua nimonia. Nilikudanganya, naomba radhi. Ana hedhi, na yuko tayari kuogelea Nanyuki."

Sentensi tatu. Mpe Ngendo aisome kabla hujaifunga, kwa sababu ni habari za mwili wake na si za ofisi yako. Akisema toa neno, toa. Akisema ongeza, ongeza. Nina hakika hatasema lolote, maana mtoto huyo tayari alishalisema mbele ya kina mama watano akiwa amelala chali chini ya blanketi, na hakufa. Ujasiri wa nyumba yenu uko kwake. Wewe azima kidogo.

Khadijo umemchukia, na hukusema lakini nimeona. Acha. Nenda dukani kwake kesho, mwambie asante, na ukiwa hapo nunua lile vazi ikiwa analo. Mwanamke aliyemweleza mtoto wako ukweli huku akikunja suruali hakukuibia kitu. Alishika kitu ulichokuwa umekiangusha.

Na hili la mami. Ni jina zuri, usiliache. Lakini nadhani kwa miaka kumi na miwili umekuwa ukimwogopa mtoto kwa sababu ya yule aliyempa jina, ukingoja akurushie kitambaa dirishani. Ngendo wa Kangari yuko Kangari. Huyu wa kwako ameweka vazi lake kitini karibu na mlango, na hakuliweka hapo ili likauke. Keti kwenye hicho kiti, liweke mapajani, umwite, na useme neno lile kwa sauti. Hedhi. Likikukwama sema tena. Yeye atakucheka, na mkishacheka mtakuwa mmeanza.

Jumamosi uwe Nanyuki, ukingoni mwa bwawa, na taulo ile nyeusi. Akishinda mkumbatie akiwa amelowa. Akishindwa mkumbatie akiwa amelowa.

Lakini kabla ya yote hayo, ile flaski. Umekaa nayo siku zote hizi kama ushahidi wa mauaji. Irudishe leo, na wewe ni wa huku, unajua chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ijaze chai, ya maziwa mengi, iliyochemka vizuri. Yule mwanamke anakudai siku tatu.

Kagure