Mji Tulioutawala kwa Chaki

Mjukuu wangu Neema,

Natumaini mko wazima hapo Mtinko, na goti la bibi yako limetulia. Huku kwenye mkonge mgongo umechoka, lakini swali lako limeniamsha. Unauliza kama nauelewa mchezo wako wa simu, ule wa kutawala mji wa kale kwa kuandika amri, maana watu wako wanakufa njaa. Naujua sana! Enzi za ujamaa, kwenye darasa la watu wazima, mwalimu alituchezesha wa namna hiyo ubaoni: mmoja wetu anakuwa mtemi, yaani mtawala, anatoa amri, naye anaandika matokeo kwa chaki.

Siku hiyo mtemi nilikuwa mimi. Nafaka nikatenga ya kula, iliyobaki yote nikaagiza ipikwe pombe, kwa sababu kwetu bila pombe hakuna anayekuja kukulimia. Mwalimu akaandika: mashamba yote yamelimwa. Kisha akauliza, "Na mbegu, mtemi?"

Nikatazama ubaoni: nafaka imekwisha. Msichana mmoja nyuma akasema, "Waliokunywa pombe yake watamnyima mbegu? Andika, mwalimu, majirani wameleta."

Darasa likashangilia. Mwalimu akacheka, akaandika, mji ukapona.

Ukikwama tena, muulize msichana huyo. Yuko hapo jikoni, ila uanze na shikamoo.

Babu yako