Baruti Inayojaza Ganda

Ruring'u, Alhamisi

"Ati msomi mzima anaogopa unga!" Hivyo ndivyo nahodha wetu, Bwana Gathogo, alivyonicheka leo mbele ya wanachama wote wa klabu yetu ya kulenga shabaha, nilipoikataa baruti yake ya kujazia risasi. Kesho ndiye atakayeteua timu ya bastola ya kwenda Nanyuki, nami naitamani mno nafasi hiyo. Kwa hiyo nikakubali, nikauchukua mkebe wake.

Baruti yake ni kali, na kipimo kimoja hakifiki hata nusu ya ganda la risasi, hivyo hata viwili huingia bila kumwagika. Nikiwa katikati ya kujaza, jirani alibisha kuomba kiberiti. Niliporudi mezani sikukumbuka kama ganda nililoliacha tayari lilikuwa na... Nikapima, nikaendelea. Nilipokwisha kuzifunga risasi zote ndipo hofu iliponishika. Mojawapo huenda imebeba vipimo viwili, na kwa macho zote ni sawa. Ingeweza kuipasua bastola mkononi mwangu.

Nimezifungua zote. Nimezijaza upya kwa baruti yangu nyepesi, ambayo kipimo kimoja hulijaza ganda, na cha pili kingemwagika mezani nikakiona.

Kesho akijua sikutumia baruti yake, ataniuliza tena kama naogopa unga. Natarajia kumjibu, "Ndiyo, Bwana Nahodha, naogopa." Sina hakika kwamba nitathubutu, lakini risasi nyingine sina ila hizi.