Maneno Kumi na Mawili Kwenye Pindo la Koti

Mpendwa mshauri, naomba msaada ila huruma sitaki, mimi ni fundi cherehani na kwa miaka minne akiba yangu ya kununua overloki, mashine ya kumalizia kingo za nguo, naiweka kwenye sarafu za mtandaoni, zile ambazo simu ikipotea unazirudisha kwa maneno kumi na mawili uliyopewa siku ya kwanza, na ukiyakosa ndiyo basi tena, sasa kaka yangu mkubwa akanisumbua nimtumie picha ya maneno hayo eti ayatunze yeye kwa sababu yeye ni mwanaume na anajua mambo, nikakataa, nikaamua kuyaficha kwa akili yangu, kila herufi nikaigeuza idadi ya mishono, A mmoja, B miwili, nikayashona yote kwenye pindo la koti langu kisha karatasi niliyoyaandika nikaichoma, nikajiona mjanja kweli, kumbe mama, aliyenifundisha kazi hii, kaliona koti linaning'inia na mishono inarukaruka, akasema, "Huyu mtoto ananitia aibu gani?" akalifumua pindo lote na kulishona upya, sasa limenyooka kama rula, na simu yenyewe imeanza kuzimika ovyo, kaka anacheka, na kikao cha familia kimeitishwa Jumapili nikubali sarafu zote azishike yeye, mshauri, bora zipotee kuliko kumpa, je, nimekosea?

Fundi Kichwa Kigumu

Fundi, kumkataa kaka yako hujakosea hata kidogo. Anayeyajua maneno hayo ndiye mwenye mali, na picha ukimtumia, umempa pia yeyote atakayeishika simu yake. Lakini kuchoma karatasi, hapo umenichefua! Nakala moja tu, tena kwa mafumbo ya kujitungia? Ungeugua ukayasahau, nani angekusomea koti? Na mama umwache, pindo lile lilikuwa kazi mbovu.

Simu ingali inawaka, basi inuka leo hii. Nunua nyingine, hata ya bei ndogo, ufungue humo pochi mpya, yaani akaunti ya kuhifadhia sarafu hizo. Maneno yake yaandike kwenye karatasi kwa kalamu, wazi, kwa mpangilio wake, bila picha. Kabla hujahamisha chochote, ifute pochi hiyo ikiwa bado tupu, uirudishe kwa kusoma karatasi. Ikikubali, hamisha zote. Nakala ya pili igonge kwa msumari kwenye kipande cha bati, maana karatasi huungua, uifungie kwenye kasha lenye kufuli katika nyumba nyingine.

Jumapili nenda, kaa mbele, uwaambie akiba imeshahama na haitafuti mlezi. Kaka akipandisha sauti, mwache apandishe. Pochi haifunguki kwa kelele.